Kisa cha ploti ya Mathare: kwa nini Mama alikataa kikao cha kusameheana

Mapema Machi 2008, siku chache baada ya Rais Mwai Kibaki na mpinzani wake Raila Odinga kutia saini mkataba wa kumaliza ghasia za uchaguzi mbele ya Harambee House tarehe 28 Februari, wakazi wa kijiji kimoja cha Mathare, mtaa wa mabanda hapa Nairobi, waliitwa kwenye ukumbi ulio karibu na barabara ya Juja. Kulikuwa na viti vya plastiki, soda, nauli ya kurudi nyumbani na watu wa kamera. Shosho mmoja, mjane aliyekaribia miaka sabini, alipewa maikrofoni akaambiwa awaeleze watu kwamba amewasamehe majirani zake. Aliishika kwa mikono yote miwili, akawatazama waliokaa mbele, kisha akauliza, "Na nyumba zangu?"

Mwendesha kikao alitabasamu, akasema hayo yatafuata. Shosho akarudisha maikrofoni, akaketi. Hakufungua kinywa tena mpaka tukatoka.

Nilikuwa mle ndani kama karani wa kujitolea, kazi yangu ikiwa kuandika. Aliyenipeleka ni mama wa makamo, mkazi wa Mathare, ambaye kwa miaka mingi amekuwa kiongozi wa haki za binadamu mtaani. Jina lake sitalitaja. Tarehe 5 Machi 2009, Oscar Kamau Kingara na John Paul Oulu, watetezi wa haki waliokuwa wakifuatilia mauaji ya vijana, walipigwa risasi ndani ya gari lao kwenye barabara ya State House, katikati ya Nairobi, jioni watu wakitoka kazini. Wiki ile ile alituomba sote tuliofanya naye kazi tusimwandike popote. Nitamwita Mama, kama mtaa wote ulivyomwita.

Tulipofika barabarani siku hiyo ya kikao, aliniambia jambo moja tu: "Mwenye kovu usidhani kapoa. Na huyu hata kovu hajapata, kidonda kiko wazi." Kesho yake aliwapelekea ujumbe waandalizi kwamba hataleta mwathiriwa yeyote kwenye vikao vyao mpaka atakapoona ni sawa. Wengi walimwona mkaidi, wengine wakasema anazuia amani. Nataka kueleza kwa nini alikuwa sahihi, halafu nieleze pale alipokosea, kwa sababu alikosea pia, na mimi nilikuwa na sehemu yangu katika kosa hilo.

Msomaji asiyeijua Mathare aelewe kwanza habari ya nyumba. Sehemu kubwa ya bonde lile ni ardhi ya serikali. Mwenye ploti hana hatimiliki. Ana karatasi ya chifu na ushahidi wa majirani. Wenye ploti wengi walikuwa Wakikuyu, na wapangaji wengi upande wa chini walikuwa Wajaluo, kwa hiyo ugomvi wa kodi ulikuwepo muda mrefu kabla ya uchaguzi. Novemba 2006 Mathare iliwaka wakati kundi la Mungiki na vijana wa genge la mtaani lililojiita Taliban walipopigania ushuru wa chang'aa, na maelfu wakahama. Matokeo ya urais yalipotangazwa tarehe 30 Desemba 2007 yalikuta watu tayari wana hesabu zao za zamani. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyochunguza ghasia zilizofuata, ilihesabu waliokufa nchini kuwa 1,133, na 405 kati yao waliuawa kwa risasi. Waliofukuzwa makwao walizidi 600,000. Katika hesabu hiyo ndimo alimokuwa Shosho, na ndimo alimokuwa pia mwanamke aliyekuja kulala katika nyumba ya Shosho.

Ploti yenyewe ilikuwa na vyumba kumi vya mabati, vitano vikitazamana na vitano, katikati kichochoro cha hatua mbili chenye mtaro wa maji machafu. Shosho na marehemu mumewe walivijenga kimoja kimoja. Kila chumba kilikuwa shilingi 700 kwa mwezi. Tarehe 2 Januari alitoka na leso, sufuria moja, na ile karatasi ya chifu aliyoikunja ndani ya mfuko wa nailoni akaifunga kiunoni. Alilala kwenye kambi ya chifu katika mtaa wa Huruma, chini ya turubai, pamoja na mamia ya wengine. Vijana wa mtaa wakaingiza watu wao katika vyumba vyake na kuanza kukusanya kodi.

Hapa ndipo kisa kinapokuwa kigumu. Wale walioingizwa hawakuwa wezi. Walikuwa wamefukuzwa upande wa pili wa bonde, ambako Wakikuyu walikuwa wengi. Katika chumba cha nne alikuwapo fundi wa nguo, mwanamke wa miaka thelathini na kitu mwenye watoto wawili. Chumba chake cha zamani kilichomwa, na cherehani yake ya miguu ilibebwa mbele ya macho yake. Alikuwa akilipa shilingi 700 kwa vijana kila mwisho wa mwezi, na aliogopa kuuliza nyumba ni ya nani.

Basi ukimrudishia Shosho haki yake kwa nguvu, unamtupa fundi barabarani kwa mara ya pili. Ukimwacha fundi alipo, umehalalisha unyang'anyi. Mahakamani Shosho angeingia na karatasi ya chifu juu ya ardhi ya serikali, na hata kama angeshinda, nani angekwenda kutekeleza amri ile mle kichochoroni? Pale Hoteli ya Serena, Kofi Annan na wapatanishi wenzake walikuwa wamepanga mazungumzo ya Kibaki na Raila katika ajenda nne. Ploti hii ilikaa kati ya Ajenda ya Pili, ya misaada na maridhiano, na Ajenda ya Nne, ya ardhi, umaskini na ukosefu wa kazi. Kwenye karatasi ni vitu viwili, lakini mle kichochoroni ni mlango mmoja wa bati wenye kufuli jipya.

Mama alianza na karatasi. Nilishangaa, nikidhani ataanza na mazungumzo. Shosho hakuwa na kitambulisho. Kilibaki chini ya godoro. Fundi naye chake kiliungua. Bila kitambulisho huwezi kuandikisha laini ya M-Pesa, huwezi kuhesabiwa katika msaada, na askari anaweza kukusimamisha popote. Ili upate kingine lazima uende kituo cha polisi upewe namba ya OB, yaani ya kitabu chao cha matukio, na abstrakti, hati ya kuthibitisha kwamba umeripoti. Tulikwenda mara tatu. Mara ya kwanza walitaka hela ya fotokopi, mara ya pili mwenye kitabu hakuwepo. Mara ya tatu Mama alikwenda na wanawake kumi na wanne, akawaketisha kwenye benchi na sakafuni, akamwambia askari wa zamu kwa upole, "Afande, hatuna haraka. Tutangoja." Walingoja tangu saa tatu asubuhi hadi saa tisa, na wote wakaandikiwa.

Faida ya jambo hilo niliiona baadaye. Mwezi Mei serikali ilianzisha Operesheni Rudi Nyumbani, na kila familia ikaahidiwa shilingi 10,000 za kuanzia, na 25,000 kwa aliyechomewa nyumba. Waliokuwa kambini walihesabiwa. Wale waliojibanza kwa jamaa au katika vyumba vya watu, kama fundi, wengi wao hawakuhesabiwa kabisa. Shosho alipata zile 10,000. Fundi hakupata kitu, ingawa moto uliounguza chumba chake ulikuwa ule ule.

Wakati huo Mama hakuwa amezungumza na kijana hata mmoja wa wale waliokusanya kodi. Alikuwa na wanawake, kwenye mfereji wa maji. Wanawake wa pande zote mbili walinunua maji kwa muuzaji mmoja, kwa kuwa mabomba ya upande wa pili yalikuwa yamekatwa, na kila asubuhi walipanga foleni ya mitungi huku wakipeana mgongo. Mama alipanga foleni nao. Hakuwaita kikao, aliongea na wawili leo, watatu kesho, juu ya bei ya maji na watoto waliokuwa hawajarudi shule.

Njia hiyo hakuibuni yeye, na alipenda kusema alikoitoa. Alikuwa akitusimulia habari za mpatanishi Dekha Ibrahim Abdi wa Wajir, kaskazini-mashariki mwa Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, koo zilipokuwa zikiuana kule Wajir, Dekha na wanawake wenzake walianzia sokoni. Walihakikisha mwanamke wa ukoo wowote anaweza kuuza na kununua bila kuguswa, na wao wenyewe wakawa walinzi wa jambo hilo. Wazee walifuata, kisha vijana, na mkataba wa Al-Fatah ukapatikana mwaka 1993, soko likiwa limeshatulia. Dekha alipewa Tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007, na nchi ilipowaka mwisho wa mwaka huo huo alikuwa hapa Nairobi akikutana Hoteli ya Serena na Balozi Bethuel Kiplagat, majenerali Daniel Opande na Lazaro Sumbeiywo, pamoja na George Wachira, kuwakusanya wananchi waliotaka kuizuia nchi isisambaratike. Alifariki Julai 2011 kufuatia ajali ya barabarani. Kwangu, alichoacha kikubwa kuliko tuzo ni ule utaratibu: anza pale watu wanapolazimika kukutana kila siku, kabla ya kuwapeleka mahali pa kupigwa picha.

Mwezi Juni ndipo Mama alipowaendea vijana. Nilikuwepo. Walikuwa saba, wameketi juu ya magogo nyuma ya kibanda cha chapati. Mkubwa wao alisema, "Mathe, sisi ndio tulilinda huu mtaa. Polisi hawakukuja. Sasa unataka turudishe nyumba, tutakula nini?"

Nilidhani atawahubiria juu ya haki za Shosho. Akauliza, "Kodi ya mwezi uliopita ilikuwa ngapi?" Elfu saba, wakasema, vyumba vyote kumi vikilipa. "Na ninyi mlipata ngapi?" Kimya. Kisha mmoja akataja mia moja kwa wiki, mwingine akasema hata hiyo alipata mara mbili tu. Mama akachukua kijiti, akapiga hesabu pale chini kwenye vumbi: saba mara mia, mara wiki nne, ni 2,800, tena ikiwa kila mtu alilipwa. Hizo nyingine zilikwenda wapi? Walitazamana. Zilikuwa zikichukuliwa na mtu mzima asiyelala Mathare, aliyekuja jioni kwa gari.

Hiyo hesabu ya vumbini ilifanya kazi ambayo mahubiri ya miezi mitatu hayakuifanya. Mama hakuwaita wahalifu, wala hakuwasifu kuwa walinzi. Aliwaonyesha kwamba nao wameibiwa, halafu akawaachia siku tisa wafikirie. Waliporudi walikuwa watano. Wawili hawakuja, na kwa miezi kadhaa walikuwa tishio kwetu. Si kila kitu kilinyooka. Hao watano walikubaliwa wazoe taka za ploti sita, kila chumba shilingi 20 kwa wiki. Ni pesa kidogo, lakini ilikuwa yao na hakukuwa na wa kuja kuichukua jioni.

Makubaliano ya ploti yaliandikwa Julai 2008 kwenye karatasi mbili za fulskepu kwa mwandiko wangu, na mashahidi wawili kutoka kila upande. Wapangaji wangebaki vyumbani. Kodi ingekuwa ile ile 700, lakini ingemwendea mwenye nyumba moja kwa moja kwa M-Pesa, bila kupita mkononi mwa mtu. Shosho hangelazimika kuingia kichochoroni kama hakutaka. Miezi mitano iliyopita isingedaiwa kwa wapangaji, kwa kuwa walishalipa kwa aliyewatisha.

M-Pesa ilikuwa na mwaka mmoja na miezi michache tu wakati huo. Mjukuu wa Shosho alimnunulia simu ya kabambe iliyotumika, kile kitambulisho kipya kikaandikisha laini, na mwisho wa Julai tulikaa naye kwenye chumba cha jamaa yake Huruma tukingoja. Simu ililia saa moja na nusu jioni. Hakujua kusoma meseji, nikamsomea: shilingi 700, na jina la mpangaji wa chumba cha nne. Shosho akaniuliza huyo ni nani. Nikamwambia ni fundi wa nguo. Akasema, "Ana watoto?" Mwezi huo walilipa wanne kati ya kumi. Kufikia Desemba walikuwa wanane.

Ningeweza kuishia hapo na kisa kingependeza. Watu wengi hukisimulia hivyo, hata wafadhili wamewahi kukisikia hivyo. Lakini wakati wote huo fundi alikuwa na jambo ambalo hatukuliona.

Nina lile daftari nililoandikia hadi leo, la kurasa mia mbili, jalada limepasuka. Ukurasa wa fundi una jina, kijiji alikotoka, na chini yake kwa mwandiko wangu: cherehani ya miguu, moja, godoro, moja, jiko, moja, vitambaa vya wateja, havijahesabiwa, kitambulisho. Niliyaandika mwezi Februari. Swali nililomuuliza lilikuwa "Ulipoteza nini?" na yeye akanijibu nilichouliza, mimi kijana wa kiume mwenye kalamu, huku watu watatu wakisubiri zamu nyuma yake.

Oktoba 2008 tume ya Waki ilikabidhi ripoti yake, na redio zikaanza kusema wazi juu ya wanawake na wanaume walionajisiwa wakati wa ghasia. Mwezi uliofuata Mama alimpelekea fundi kitambaa amshonee nguo. Fundi alikuwa amepiga magoti akimpima urefu wa sketi, tepu mkononi, na bila kuinua uso akasema kwamba usiku ule waliochukua cherehani hawakuchukua cherehani peke yake. Mama aliniambia kwamba fundi aliendelea kupima. Alitaja inchi, akaandika, akapima tena.

Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi hutolewa ndani ya saa 72 baada ya tukio. Yeye alikuwa amekaa miezi kumi. Fomu ya P3, ile ya polisi ya kurekodi majeraha, haikujazwa, hakuna daktari aliyemwona, hakuna namba ya OB ya jambo hilo, ingawa tulikuwa naye kituoni siku nzima ile ya benchi. Mama alimpeleka hospitali kesho yake asubuhi akapimwa na kuanza kuonana na mshauri, na kuhusu afya yake sitasema zaidi. Kesi haikufunguliwa kamwe.

Februari 2013 manusura wanane, wanawake sita na wanaume wawili, pamoja na mashirika yaliyowasimamia, waliishtaki serikali katika Mahakama Kuu hapa Nairobi kwa kushindwa kuwalinda na kuchunguza ukatili wa kingono waliofanyiwa. Jaji Weldon Korir alitoa hukumu tarehe 10 Desemba 2020, karibu miaka minane baadaye, na wanne kati yao wakaamriwa walipwe shilingi milioni 4 kila mmoja. Naiheshimu sana hukumu hiyo. Waliokwenda pale walikuwa na ujasiri ambao mimi sijawahi kuhitaji kuwa nao. Ila nilipoisoma nilimfikiria fundi, ambaye hakuwa na karatasi hata moja ya kupeleka mbele ya jaji. Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi Bungeni na kutangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa waathiriwa. Fundi hajaona hata senti.

Mama hakujifariji. Alisema tulitanguliza mali kabla ya mwili kwa sababu mali ni rahisi kuandika. Mimi naongeza hili: alikuwa amekataa kikao cha kusameheana kwa sababu kilimruka mwathiriwa ili kifike kwenye amani haraka, na sisi tukafanya jambo la namna hiyo hiyo kwa upole zaidi. Tulikuwa na haraka ya kuitengeneza ploti. Fundi alikuwa mpangaji mwema, alilipa wa kwanza, hakulalamika, nasi tukachukua ukimya wake kuwa dalili kwamba yeye amepata nafuu.

Tangu hapo utaratibu ulibadilika. Wanaume hatuandiki maelezo ya wanawake. Hakuna foleni nyuma ya anayezungumza. Orodha ya vitu huandikwa siku ya tatu au ya nne, na kabla yake Mama huuliza umelala wapi, umekula nini, unaumwa wapi. Akimaliza kuuliza la mwisho hunyamaza muda mrefu, na sisi tulifundishwa kutouvunja ukimya huo. Fundi mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliotufundisha. Hakuwahi kuhudhuria kikao chochote cha maridhiano, na Mama hakumwomba ahudhurie.

Usiku wa tarehe 11 Agosti 2017, matokeo ya urais yalipotangazwa na risasi zikaanza kulia tena Mathare, nilimpigia simu Mama nikijua yuko nje. Nilimkuta alfajiri kwenye kichochoro cha ploti ile ile, tochi mkononi, leso kichwani. Mlango wa pembeni ulikuwa umevunjwa, vyombo vimetapakaa. Nilitoa daftari. Akanipungia mkono nilirudishe mfukoni. Fundi alikuwa ndani na msichana mmoja wa jirani, mlango umerudishwa. Nje kulikuwa na kijana wa boda boda, mmoja wa wale watano waliozoa taka, injini ikinguruma polepole. Mama akaangalia saa ya simu yake. "Ni saa tano zimepita," akaniambia. Mlango ukafunguka, wakatoka wawili, wakapanda wote nyuma ya pikipiki, msichana katikati, na kijana akaifuata njia ya hospitali bila kuwasha taa mpaka alipofika lami.